Tonge la Kando ya Mlango

Pwaa! Sauti ilikuwa moja tu, nzito na yenye unyevu, ikakata kimya cha usiku, na nyumba zote za kilimani zikajua kwamba kwa bibi Kwilasa wamekaa kula.

Zama hizo tonge lilikuwa na njia moja, kutoka chunguni kwenda kinywani. Hakuna mkubwa aliyedondosha chakula kwa hiari yake. Na mtu alipokufa, jina lake lilizikwa pamoja naye. Aliyelitaja alinyamazishwa, ili msiba usije ukaamka. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, bila kujua wao ni wajukuu wa nani.

Bibi Kwilasa aliishi na mwanawe Shija, na Nkwimba mke wa Shija, na binti yao Minza, ambaye maneno yake yote yangeenea katika kiganja. Minza alikuwa mtoto mchangamfu, mashavu yamejaa kama viazi vipya. Lakini kila jioni ulipotengwa ugali wa mtama, alilipokea tonge lake la kwanza, akalitazama, akalipima mkononi kama mchunga mbuzi apimavyo jiwe la kombeo, kisha pwaa! Likaenda mlangoni. Wakimkemea, huangua kicheko na kurusha la pili.

Nkwimba alijaribu aliyofundishwa na asiyofundishwa. Alimshika mikono, Minza akatema. Alimfinyangia matonge madogo kama njugu, yakaruka mbali zaidi. Alipaka asali. Minza akailamba asali yote, akatupa tonge. Alinuna, na mtoto naye akanuna vilevile, nyusi kwa nyusi, hata Shija akacheka akapaliwa.

Asubuhi wanawake walimngoja kisimani.

"Nkwimba wee, jana mmekandika ukuta kwa ugali au kwa mlenda?"

"Kwa vyote viwili," akajibu, akijitwisha mtungi. "Mvua ikija, nyumba zenu zitavuja, yetu itanukia."

Wakacheka, naye akacheka nao, ila moyoni hakucheka. Ghala lilikuwa linapungua, mavuno yalikuwa mbali, na mama mkwe wake alikwisha kusema neno lake.

"Mwezi ukiandama, mwanangu, na mtoto huyu bado anautukana mtama, nitampeleka ng'ambo ya mto kwa dada zangu. Wale wana mkono mzito. Atarudi na adabu."

Bibi Kwilasa hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Nkwimba akawa anautazama mwezi kila usiku, ukinenepa, ukikonda, na kila ulivyokonda ndivyo alivyomkumbatia Minza kwa nguvu zaidi walipolala.

Ikafika jioni ya siku ambayo mwezi wa alfajiri ulibaki kama ukucha. Nkwimba alikuwa amechoka. Akaona kushindana na mtoto hakujaleta shibe wala amani, basi leo atamwacha, amtazame tu. Akamgeuza, mgongo kuelekea mlangoni, akampa tonge. Minza akajipinda kiuno kama mhunzi anayetafuta nyundo yake, akarusha kulekule nyuma. Pwaa! Nkwimba hakukemea. Mtoto akamsubiri kidogo, akaona kimya, akajirudisha mbele, akafungua kinywa kama kinda la ndege. Akala. Akala tonge la pili, na la tatu, akaomba mlenda.

Nkwimba aliinuka na kijinga cha moto, akaenda kumulika. Tonge halikugonga mlango. Lilikuwa limetua kando yake, chini ya kigoda cha miguu mitatu, kigoda kilichong'aa kwa kufutwa. Bibi Kwilasa alikifuta kila jioni kwa ncha ya nguo yake, akakiweka pale kabla ya chakula, na hakuna aliyekikalia. Nkwimba alikikuta hapo siku aliyoletwa bibi arusi, naye hakuuliza. Mke wa mwana hulishwa mengi kwa kimya.

"Na yeye?" Minza alisema, akinyoosha kidole chenye mlenda.

"Nani, mama?"

"Yeye!"

Shija aliinamisha uso. Mkono wa bibi Kwilasa ulisimama juu ya chungu. Hapo ndipo kuku mmoja aliyekuwa akirandaranda nje alipopenyeza shingo mlangoni, akadonoa tonge, akatazama kama kuna atakayemfukuza. Hakumfukuza mtu.

"Mama," Nkwimba akasema, taratibu, maana alikuwa anasema neno zito mbele ya mkubwa, "huyu hatupi. Anagawa. Kila penye kigoda ameona mtu, na kila mtu ameona ana tonge. Pale tu ndipo hakuna aliyempa."

Bibi Kwilasa akamega ugali, akaufinyanga kwa muda mrefu, kama mtu anayekumbuka ukubwa wa kinywa fulani.

Na tangu siku hiyo, watu wa vilima vile hawaanzi kula kabla mkubwa wa nyumba hajadondosha tonge la kwanza kando ya mlango na kumtaja aliyewatangulia. Tangu siku hiyo kuku hajakosa mlangoni saa ya chakula, maana alionja akanogewa. Na mtoto mdogo akirusha tonge, bibi yake humshika mama mkono na kumwambia, "Ngoja kwanza. Tazama anampa nani."

Lakini jioni ile hakuna aliyejua kwamba desturi imezaliwa. Walijua tu kwamba ugali unapoa, na kwamba Minza hajashusha kidole. Bibi Kwilasa akampakata mjukuu wake, akainama, akaliweka tonge chini ya kigoda, polepole, likiwa bado na moto.

"Ni babu yako, huyo," akasema. "Anaitwa Bundala."