Kaka Alipougua, Hamira Alipimwa

Ndugu wawili walirithi tanuri la mikate kutoka kwa baba yao. Mkubwa alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye viganja vipana kama makasia. Mdogo alikuwa mcheshi, na wateja walimpachika jina la Hamira kwa kuwa hakuingia mahali bila kuwaumua watu kwa kicheko. Joto la tanuri liliwachoma pamoja, moshi uliwatoa machozi pamoja, na majirani wakasema kwamba wawili hao ni chanda na pete.

Mwaka mmoja kaka alianza kukonda. Gunia la unga alilozoea kulitupa begani sasa alikuwa akiliburuta. Alipokwenda haja aliona damu, akajiambia ni bawasiri, akanyamaza. Alinyamaza hivyo hadi asubuhi alipoanguka mbele ya tanuri, trei mkononi, mikate ya moto ikatawanyika sakafuni.

Hospitalini, daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliwaeleza bila kuzunguka: ni saratani ya utumbo mpana, na lazima apasuliwe.

"Kwenu kuna mwingine aliyewahi kuugua tumbo?" aliuliza.

Dada yao, aliyeishi kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu, ndiye aliyejibu. "Baba. Alikufa kabla hajaota mvi. Watu walisema ni vidonda vya tumbo, tukazika, tukanyamaza."

"Basi nyinyi wawili msisubiri kuumwa," daktari akasema. "Maradhi haya huweza kutembea katika ukoo. Mara nyingi huanza na kinyama kidogo ndani ya utumbo. Hakiumi wala hakiwashi. Kikionekana mapema, hukatwa kabla hakijageuka saratani."

Dada hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipimwa, akakutwa salama, akaambiwa arudi baada ya miaka mitano. Hamira yeye alitia pamba masikioni.

"Dada, kama wewe ni mzima, mimi nina nini?" alisema huku akijipiga kifua. "Nakula, nalala, nabeba magunia. Na kipimo chenyewe, mh! Huko nyuma ni faragha yangu."

"Cheka tu," dada akamjibu. "Hata mimi niliogopa, nikaenda na woga wangu hivyo hivyo. Lakini majibu yangu ni yangu. Hayakupimi wewe."

Hamira akageuza maneno kuwa mzaha, akaendelea na kazi.

Baada ya upasuaji, kaka alifika dukani akitembea polepole kama mtu anayevuka utelezi. Kwa mazoea alishika trei ainyanyue. Haikunyanyuka. Hamira aliruka kumsaidia, akamkalisha kwenye kiti karibu na meza ya kukandia.

"Mdogo wangu," kaka alisema, "baba hakutuonya kwa sababu hakujua kinachomuua. Mimi nimejua, nawe umesikia. Sasa ukiondoka kwa maradhi haya haya, niwaambie nini wanao? Kwamba baba yao aliona haya?"

Hamira alijifuta unga mikononi. "Kaka, naogopa. Naogopa watakuta kitu."

"Mimi sikukitafuta, na bado kilikuwamo."

"Na ile aibu je?"

"Aibu niliiacha mlangoni pamoja na viatu. Nilipotoka nilikuta viatu tu."

Hamira akacheka, kisha akalia, kisha akapiga moyo konde.

Siku moja kabla ya kipimo alikatazwa chakula kigumu, akapewa dawa ya kusafisha tumbo. Akashinda akikimbilia chooni, huku nguo zake zilizonuka mikate zikimtia njaa.

"Baba watoto," mkewe alimwita kutoka nje ya mlango, "leo hamira imeisha nguvu?"

"Mke wangu, leo siumui mtu! Kuumuka mwenyewe ni shughuli!"

Kesho yake muuguzi alimlaza ubavu, akamfunika shuka safi, akamdunga sindano ya usingizi. Mrija mwembamba wenye kamera ukafanya kazi yake. Alipofumbua macho aliuliza, "Mnaanza saa ngapi?"

Muuguzi akaangua kicheko. "Tumeshamaliza, baba."

Daktari alikuwa amekuta vinyama viwili, akavitoa vyote palepale. Kikubwa, kilicholingana na zabibu, kilipelekwa maabara. Hamira alikaa roho mkononi hadi majibu yalipotoka.

"Kilikuwa kimeanza kuharibika," daktari alimwambia, "lakini hakijawa saratani. Ungekawia miaka michache, tungekuwa na mazungumzo mengine. Nenda salama, urudi baada ya miaka mitatu tutazame tena."

Kutoka hapo hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, akamkuta amejilaza, amechoshwa na dawa za saratani. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaishika ile mikono mipana.

"Umeugua wewe, kaka," alitamka, "nimepona mimi. Ahsante. Ahsante sana."

Machozi yakamlengalenga kaka. "Mungu ashukuriwe. Basi maumivu yangu hayakwenda bure."

Naye Mungu alimjalia. Matibabu yaliisha, nguvu zikamrudia kidogo kidogo, na sasa hukanda unga akiwa ameketi, magunia akimwachia mdogo wake. Hamira bado huchekesha watu. Ila mteja akitaja tu kwamba nduguye anaugua tumbo, Hamira huuweka mkate chini, akamtazama usoni na kumuuliza, "Na wewe umepimwa?" Wengine hucheka wakaondoka. Wengine huenda, wakarudi kumshukuru, naye huwaambia maneno yale yale: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.