Bata Aliyelinda Miti ya Bi Zuwena

Hadithi, hadithi. Kila jua likizama, hadithi. Mgongo umenikatika kwa kupepeta mpunga, muhogo haujaiva hapo motoni, na nyinyi mmenizunguka kama nzi waliosikia harufu ya samaki. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, bibi, wewe umekula nini. Na kuna mtu hapa, simtaji, Raya anajijua, jana aliimwagia asumini yangu ndoo nzima ya maji ili nimwone ana bidii. Haya, kaeni. Msellem, ondoa miguu kwenye majivu. Nikisema Paukwa, mnasemaje?

“Pakawa.”

Semeni kama watu wanaolishwa. Paukwa!

“Pakawa!”

Hapo kale, miti ilipokuwa na midomo na ikijua kuitumia, alikuwako mwanamke akiitwa Bi Zuwena. Shamba hakuwa nalo, hata la kuotesha mchicha. Alikuwa na ua nyuma ya nyumba, na uani alikuwa na miti mitatu isiyokanyaga ardhi. Wa kwanza mshubiri, kaupanda katika chungu kilichovunjika mdomo. Wa pili mdimu, umo ndani ya debe. Wa tatu mkilua, umo ndani ya mtungi mkubwa wa marehemu mama yake. Kila chombo alikitoboa tundu chini, na ule mtungi aliutoboa kwa msumari siku tatu, taratibu, usije ukapasuka.

Mkilua ule ulikuwa na maringo. Ukiuweka kivulini, unanuna. Ukiusogeza juani, unanuna. Miaka sita haukutoa hata ua moja. Mwaka wa saba ukatoa vitumba kumi na viwili, na mwaka huohuo binti yake mdogo, Mwanashehe, akachumbiwa.

Sasa sikilizeni. Katika nyumba ile bibi harusi hatoki chumbani bila kikuba, kile kifungu cha maua na majani ya kunukia kinachobandikwa kifuani. Na kikuba chao lazima kiwe na kilua, ua la mti ule. Mama yake Bi Zuwena alivaa. Bi Zuwena mwenyewe alivaa. Mwanashehe akasema mbele ya mashangazi kwamba bila kilua cha nyumbani kwao hatoki, harusi na ivunjike. Na kwa ubishi alikuwa mtoto wa mama yake hasa.

Mambo yakagongana. Binti mkubwa, aliyeolewa mbali, akajifungua. Mama mzazi haagizi mtu, huenda mwenyewe, akakaa hadi arobaini itimie. Mwanashehe naye kashawekwa ndani, anasuguliwa mwili kwa singo ya manukato, haruhusiwi kuona jua. Nani atainywesha miti?

Akaja Mbuzi. Alipoutazama mdimu akajilamba. Bi Zuwena akamwambia apite na njia yake.

Akaja Kuku. Alipoutazama udongo, mguu ukaanza kumcheza wenyewe. Akaambiwa apite na njia yake.

Akaja Bata. Enzi hizo Bata ndiye aliyekuwa na sauti kuliko ndege wote. Hakuna harusi aliyokosa kuimba. Akasema yeye halili majani, hachakuri, na mambo ya maji kazaliwa nayo.

Bi Zuwena akamfundisha. Mshubiri, kifuu kimoja cha maji kila Ijumaa. Mdimu, kata moja asubuhi, ikiwa udongo wa juu umekauka. Mkilua usiutazame kwa macho. Chomeka kidole udongoni, viungo viwili. Kikitoka kikavu, mpe kata moja. Kikitoka na unyevu, mwache, hata akulilie.

“Bibi, bata hana kidole.”

Ahaa, Raya kaamka. Hana. Ana kafi la kupigia maji. Na Bata alijua hana. Angesema, Bi Zuwena angempa chelewa ya ufagio achomekee, kazi ikaisha. Lakini aliona haya, mwimbaji mzima, aonekane hana kitu ambacho hata kitoto kichanga kinacho. Akasema, “Nimeelewa, Bi Zuwena. Kidole. Viungo viwili.”

“Na usipofanya nilivyokwambia?”

“Uchukue sauti yangu.”

Bi Zuwena akajitwika furushi lake la nguo akaenda zake.

Siku ya kwanza Bata akauendea mshubiri. Akajitazama koo, akaona lina kiu. Akasema, ikiwa mimi nina kiu, huyu aliyefungwa chunguni atakuwaje? Akamwaga ndoo, huku akiimba:

*Kunywa mwenzangu, kunywa, maji hayana adui,*
*aliyekunywa akashiba, kiu tena haijui.*

Mshubiri akasema, “Bata, mimi maji yangu ninayo tumboni. Niache.”

Bata akamwambia asione haya, mgeni hasemi ameshiba. Akamwagia leo, akamwagia kesho, akamwagia keshokutwa. Siku ya saba Mshubiri akalainika kama ndizi iliyosahauliwa, akalala ubavu. Bata akasema, maskini, kashiba, kasinzia.

Akauendea mdimu. Akamwaga ndoo, akaimba. Majani ya Mdimu yakageuka manjano, yakaanza kuanguka. Mdimu akasema, “Bata, miguu yangu imelowa, siisikii.”

Mnajua Bata aliona nini? Aliona majani yanaanguka kama machozi. Akasema, huyo analia kiu. Akaongeza ndoo ya pili. Kisha akainama, akaona maji yanatoka chini ya debe. Akashika kichwa. Kumbe Bi Zuwena ana debe bovu na hakusema! Akachukua tope kwa mdomo, akaliziba tundu vizuri, akalipapasa.

“Mjinga,” kasema Msellem.

Mjinga, ndiyo. Hata wewe juzi ulimpa paka uji kwa kuwa wewe unaupenda. Nyamaza.

Mdimu ukabaki vijiti na miiba. Bata akauendea mkilua.

Hapa aliogopa kidogo. Akanyanyua mguu, akaukandamiza juu ya udongo, ukatoka umelowa. Lakini mguu wa Bata ulilowa lini ukakauka? Akasema hicho si kipimo. Akaziba tundu la mtungi. Akamwaga ndoo, akamwaga nyingine, mpaka maji yakasimama juu yanang'aa. Naye Bata akiona maji yaliyosimama, mnamjua. Akaingia. Akazunguka shina, anaogelea, anaimba:

*Kunywa mwenzangu, kunywa, maji hayana adui,*
*aliyekunywa akashiba, kiu tena haijui.*

Mkilua akasema kwa sauti ya chini, “Bata, mizizi inavuta pumzi. Umenikaba.” Bata hakusikia, alikuwa katika kibwagizo. Kitumba kikadondoka, chubwi. Kingine, chubwi. Na Mwanashehe huko chumbani, akisikia wimbo mtamu asubuhi na jioni, akawaambia mashangazi kwamba miti iko salama, si mnasikia inavyoimbiwa.

Arobaini ikatimia, Bi Zuwena akarudi. Harusi keshokutwa. Akafika uani, akasimama. Mshubiri umekuwa uji. Mdimu umekuwa kuni. Ndani ya mtungi wa mama yake anaogelea Bata.

Hakupiga kelele. Alimshika Bata shingo, akamweka chini. Akalizibua tundu, maji yakatoka meusi, yananuka dimbwi. Akaung'oa mkilua mzima, akaikata mizizi iliyooza kwa kisu cha jikoni, akaupanda upya katika udongo mkavu uliochanganywa na mchanga na kumvi za mpunga. Akausogeza penye kivuli. Hakuupa hata tone.

Mwanashehe akauliza nyuma ya mlango, “Mama, vitumba vingapi?”

“Kimoja.”



“Kitafunguka?”

“Sijui. Mwimbaji wako nusura akizamishe.”

Siku hiyo hakikufunguka. Siku ya pili hakikufunguka. Mashangazi wakaanza kusukana vibaya kwa hasira, bwana harusi akatuma watu mara mbili. Asubuhi ya harusi Bi Zuwena akatoka uani, na kabla hajautazama mti pua ikamwambia. Kimoja, kidogo, cha manjano, hakina sura. Lakini kilua kimoja hunukia nyumba nzima. Akakifunga katikati ya kikuba, Mwanashehe akatoka chumbani.

Bata naye akaja kajipaka mafuta, tayari kuimba. Bi Zuwena akamwita pembeni.

“Hiki ndicho kidole ulichoniambia umekielewa. Fungua mdomo.”

Akakiingiza kooni, viungo viwili. Akaitoa sauti kama mtu anavyotoa mwiba wa samaki.

“Akaitupa?”

Bi Zuwena atupe kitu chema? Aliipachika kwenye tundu la mtungi. Ndiyo maana ukimwagia mti wa chunguni, maji yakishatosha, huko chini husikia ti, ti, ti. Hiyo ni sauti ya Bata, inakwambia acha. Raya, kesho kalitazame tundu la kopo la asumini yangu kama linaimba. Na ukichomeka kidole ukakuta unyevu, rudi zako ukacheze.

Kiu ya mwenzio usiipime kwa koo lako. Na ukipewa kazi ya kidole nawe kidole huna, sema, aibu ya kusema ni ya siku moja. Ngano yangu imemwagikia hapa, asiyeikinga shauri lake.

Bata? Alisimama katikati ya harusi, watu wamenyamaza wanamngoja, akanyoosha shingo, akafungua mdomo. Kikatoka hhhaa, hhhaa, kama anayepuliza moto wa kuni mbichi. Mpaka leo akitaka kuimba, analipa.