Numeiri na Kidole Kilichobana Mshale

Wametusimulia walimu wetu, nao walisimuliwa na waliowatangulia, kwamba katika zama za waja wema palikuwa na ngome mpakani mwa jangwa, ikilindwa kwa zamu na wapiga mishale sitini. Mwalimu wao alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, amiri wa ngome akatangaza mashindano. Mshindi ndiye atakayefundisha, na atapewa nyumba ndani ya ukuta.

Hiyo nyumba isikilizeni vizuri. Askari wengine wote familia zao ziliishi nje, kwenye mahema, na mwaka uliotangulia wavamizi walipita huko asubuhi mapema wakaacha majivu. Numeiri bin Harithi alikuwa na mkewe, Bi Lubaba, na mabinti wawili wadogo, Safura na mdogo wake, katika mahema hayo. Tangu siku ile hakula chakula kikamshuka. Asije mtu akaniambia alitaka cheo! Alitaka ukuta kati ya wanawe na mapanga.

Basi baada ya Adhuhuri watu wakakusanyika uwanjani. Washindani wakapungua mpaka wakabaki wawili, Numeiri na bwana mmoja mkimya akiitwa Ghiyathi. Ghiyathi akaachia mshale, ukachoma vidole viwili tu kutoka katikati ya shabaha. Ikawa zamu ya Numeiri.

Sasa nyinyi msiowahi kushika upinde, nivumilieni kidogo. Watu wale walivuta upote, yaani kamba ya upinde, kwa kidole gumba, kisha kidole cha shahada kikaja juu yake kukifunga kisiteleze. Kazi ya kidole cha shahada ni kukandamiza gumba, basi. Mshale kinaugusa tu, kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Ukiubana unatoka kombo, hata uwe bingwa wa mabingwa.

Numeiri aliona upepo unavuma, akalenga pembeni kidogo ili upepo uurudishe mshale. Akavuta. Mara mabinti zake wakamjia moyoni, mkono ukakaza, kidole kikabana. Upepo nao ukakatika ghafla! Mshale ukatoka kombo, na kombo lile likaupeleka katikati kabisa. Subhanallah! Makosa mawili yalikutana hewani, yakampa mtu ushindi.

Uwanja ukalipuka kwa takbiri. Amiri akasimama kumpa mkono. Hakuna aliyejua ila Numeiri na Mola wake, na angenyamaza, nani angemuuliza?

"Bwana amiri," akasema, na sauti ilikuwa imara, "ule mshale sikuupiga mimi. Nililenga vibaya na kidole kikabana. Umefika pale kwa kubahatisha."

Amiri akakunja uso. "Mshale uko katikati. Nani amekuuliza habari za kidole?"

"Hakuna aliyeniuliza. Lakini kesho watu sitini watakitazama kidole hiki wafuate kinavyofanya. Nitawafundisha nini, bwana amiri, kukosea mara mbili? Na Alasiri ndiyo hiyo inaingia. Kidole hikihiki ndicho nitakachokiinua kwenye tahiyatu kumshuhudia Mola wangu. Siwezi kukiinua kikiwa kimetoka kushuhudia uongo."

"Numeiri, ulimi umekuponza!" mtu mmoja akapiga kelele, na wengine wakacheka.

Amiri akamwambia arudie. Akarudia, safari hii kwa utulivu, kidole kikiwa chepesi. Mshale ukachoma shibiri moja kutoka katikati. Ulikuwa mpigo safi, lakini wa Ghiyathi ulikuwa karibu zaidi. Ghiyathi akapewa kazi na nyumba.

Numeiri akarudi hemani. Loo, akamkuta Bi Lubaba ameshafunga vyungu na kukunja mikeka! Alikuwa amezisikia takbiri. Numeiri akamweleza yote, hakuficha hata moja. Bi Lubaba akakaa juu ya mzigo akalia, maana alikuwa mama, na majivu yale aliyaona kwa macho yake. Kisha akajifuta.

"Baba Safura, huyo Ghiyathi kidole chake kikoje?"

"Chepesi. Sijawahi kukiona kikibana."

"Basi nisaidie kufungua mizigo. Ulitaka tukalale ndani ya ukuta unaolindwa na watu waliofundishwa kubahatisha?"

Msimu wa baridi wavamizi wakarudi, wengi kuliko mwanzo. Walinzi waliwaona wangali mbali, lango likafunguliwa, watu wote wa mahemani wakaingia, na Bi Lubaba na mabinti zake wakiwamo. Juu ya ukuta wakasimama wapiga mishale sitini wa Ghiyathi, Numeiri akiwa mmoja wao, askari kama askari wengine. Siku tatu ukuta ule haukupandwa na adui hata mmoja. Siku ya nne wakaondoka.

Ndugu zangu, watu hutusifu kwa pale mshale ulipofika. Mola wetu anajua ulivyotoka mkononi. Wangapi wetu tumepigiwa takbiri kwa jambo tulilolikosea, tukapokea mkono wa pongezi na kuketi kwenye kiti kisicho chetu? Numeiri alikuwa na udhuru kuliko sisi sote, na bado alisema. Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kabla hatujaulizwa, kwani kuulizwa kupo.