Wali Mweupe wa Nyati na Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, mafiga na majirani wambeya, Pimbi alilima mpunga katika bonde moja pamoja na Nyati na Kifaru. Kulima walilima wote. Kuvuna, wakubwa walibeba kila kitu.

"Nani ana neno?" Kifaru alinguruma.

Pimbi alikuwa nalo, akalimeza. Watoto wake wakalala na njaa.

Msimu uliofuata alimkumbuka mjomba wake, aliyeugua miguu kwa kula wali mweupe mtupu, akapona kwa uji wa pumba. Pimbi akatabasamu. Nguvu hakuwa nazo, lakini ulimi alikuwa nao!

Akautwanga mpunga, twa! twa! twa! Akaupepeta hadi ukang'aa.

"Shikamooni, wakubwa zangu! Tazameni weupe huu, wali wa wafalme! Pumba, mchicha na mapera ni takataka, tuachieni sisi wadogo."

"Marahaba! Leo umesema," Nyati alicheka. "Sisi na majani wapi na wapi?"

Wakabeba mchele wote. Asubuhi wali, mchana wali, jioni wali. Kwa Pimbi, watoto walikunywa uji wa pumba, wakala mchicha, wakatafuna mapera, kacha! kacha! Wakanawiri, manyoya yakameremeta.

Mavuno mengine yakawadia. Nyati akainua gunia. Lo! Miguu ikafa ganzi, akaanguka, puu! Kifaru alipofungua kinywa kumcheka, fizi zikachuruzika damu.

"Mama wee! Tumerogwa!"

"Hakuna uchawi," alisema Pimbi, mikono kiunoni. "Nguvu ya miguu imo kwenye pumba, dawa ya fizi imo kwenye mapera. Mmeniachia mimi."

"Ulituambia ni takataka!"

"Nanyi mkaamini, kwa kuwa niliwaita wafalme."

Nyati akainamisha pembe. "Tusaidie, ndugu yetu."

"Nitawasaidia. Ila kuanzia leo mavuno tunagawana sawa kwa sawa."

"Sawa," Kifaru alinong'ona.

Wakaketi mkekani kwa Pimbi, wakaandaliwa uji wa pumba, mchicha na mapera. Nyati akaonja mchicha, akakunja uso.

"Mchungu?" Pimbi aliuliza.

"Mtamu! Ndiyo maana nimekasirika."

Siku baada ya siku, miguu ikapata nguvu, fizi zikapona, na hakuna aliyethubutu tena kumnyang'anya Pimbi.

Alichokijua Pimbi, wanangu, leo tunakiita vitamini: tumbo kujaa si mwili kushiba.