Bi Pimbi na Ukuta wa Mtemi Kiboko

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu wanangu, wanyama walikuwa na mji wao, na mji huo ulikuwa na desturi yake. Kila mwaka baada ya mavuno, akina mama walichora kwenye ukuta wa baraza mambo yote ya mwaka ule: arusi, misiba, hata nani kaiba mahindi ya nani.

Mwaka huo Mtemi Kiboko aliizungushia chemchemi pekee ya mji ua wa miiba, akaifanya bafu lake. Chubwi! asubuhi. Chubwi! jioni. Wenzake wakabaki na kiu. Na kwa kuwa alijua fika watachora nini, akatoa amri.

"Marufuku kuimba! Marufuku kukusanyika zaidi ya watatu! Na atakayechora ukutani, hataonekana tena!"

Hakuwa anatania. Kasuku alikuwa ameimba wimbo wa kiu, akachukuliwa, na hakurudi. Hilo hunichoma moyo hata leo.

Bi Pimbi, mchoraji wa mji, alikuwa mdogo kuliko wote. Watoto wake pacha walikuwa wamepasuka midomo kwa kiu.

"Ati nisichore?" akasema. "Atanikoma!"

Akachukua bonge la nta ya nyuki, akaenda barazani mchana kweupe. Akaanza kusugua ukuta mwekundu wa udongo. Kwaru, kwaru, kwaru!

"Wee Bi Pimbi!" akafoka Ngiri, mkuu wa askari. "Unafanya nini hapo?"

"Shikamoo, afande! Nausugua ukuta. Kesho si sherehe ya mtemi?"

Ngiri akasogeza pua, akakodoa macho. Nta haikuonekana kabisa.

"Mbona sioni kitu?"

"Si ndiyo amri yenyewe, afande? Pasionekane kitu. Ila wekundu huu unawatia wachoraji tamaa. Labda ungepakwa chokaa..."

"Nyamaza! Chokaa nilishaifikiria mimi kabla yako!"

"Ama kweli afande una akili," akasema Bi Pimbi, akaendelea kusugua.

Alfajiri ya sherehe askari nyumbu wakaupaka ukuta chokaa, ukawa mweupe pe! Mji mzima ukaamriwa kuhudhuria. Kiboko akasimama mbele, ukuta uko mgongoni kwake, akaanza kuhutubia.

Jua likapanda. Chokaa ikakauka. Lakini chokaa haishiki kwenye nta, wanangu. Pale Bi Pimbi aliposugua, ikaanza kubanduka. Pukuchu! Pukuchu!

"Chini ya utawala wangu," Kiboko akanguruma, "hakuna mwenye kiu!"

Kicheko kikalipuka. Kiboko akageuka. Lo! Ukutani kulikuwa na Kiboko mwekundu, kitambi nje, ameikalia chemchemi. Mbele yake watoto wamepanga foleni na vibuyu vitupu, na juu yao Kasuku anaimba.

"Nani kachora?" akapiga kelele.

"Askari wako, mtemi," akajibu Bi Pimbi. "Kwa chokaa yako. Kwa amri yako."

"Pakeni tena!"

Wakapaka. Ikakauka, ikabanduka tena, na picha ikazidi kung'aa. Wakaamriwa mara ya tatu. Nyumbu mmoja akaitua ndoo chini, ti!

"Mtemi, hata mwanangu yumo kwenye foleni ile. Mimi sipaki tena."

Bi Pimbi akaruka juu ya jiwe.

"Jamani! Leo tuko watatu?"

"Tuko wote!"

"Basi twendeni kwenye maji yetu!"

Wakaondoka kwa kishindo, gubu, gubu, gubu! Ua wa miiba ukang'olewa kabla Kiboko hajafika.

"Askari!" akaita. "Wakamateni! Askari!"

Askari hawakumsikia. Walikuwa wameinama na wenzao, wanakunywa.

Basi wanangu, mwenye nguvu anaweza kumnyamazisha mmoja na kuupaka ukuta chokaa, lakini jambo ambalo watu wote wameliona pamoja hawezi kulifuta.