Kofia ya Kwanza ya Mize

Jisogezeni, na mwenye usingizi aende akalale kabisa, maana mwisho nitawauliza, na "sijui" siitaki.

Kisiwani Pemba alikuwapo mjane mmoja, Mize, mshona kofia. Kofia zake, wacha bwana! Ukivaa moja msikitini, mtu wa safu ya nyuma anataka kujua umeshonewa na nani.

Basi, mumewe Shaame angali hai, alipatwa na maradhi yasiyo na jina. Kichwa kinamgonga tangu asubuhi, mkono wa kulia unawaka kama umepakwa pilipili, kisha unakufa ganzi na sindano inamponyoka. Hospitali moja ikasema hana kitu. Nyingine ikampa vidonge vya maumivu. Mtaani wakasema ni jini la Shaame, na hata alipofariki hawakuacha kusema. Mize akalia, akaweka nadhiri: "Mkono huu ndio mimi. Atakayenitoa humu, kofia yangu ya kwanza nikipona ni yake."

Wa kwanza ni kaka yake, Faki. Watu walichoka kusikia "naumwa", yeye hakuchoka. Hata Mize alipoanza kujishuku, "Kaka, labda ni mawazo tu," Faki alikuja juu: "Mawazo hayaangushi sindano! Vaa buibui, twende." Wakavuka bahari kutafuta hospitali nyingine, na nyingine tena.

Wa pili ni Daktari Nassor, waliyemkuta huko. Huyu hakukimbilia kuandika dawa. Aliuliza Mize anapikia nini, anakunywa maji ya wapi, kisha akampima damu kwa kipimo ambacho wenzake hawakukifikiria. Ikaonekana ina madini ya risasi. "Si mawazo, mama. Ni sumu, na inatibika." Mize akalia tena, sasa kwa furaha ya kuaminiwa. Lakini sumu inaingilia wapi? Yakapimwa masufuria, maji, hata rangi ya ukuta. Wapi! Na isipozibwa inakoingilia, dawa ni kazi bure.

Wa tatu ni Bi Time, mkwewe, mama yake Shaame, aliyekaa naye eda nzima ya kufiwa huku akisikia mwanawe anavyosingiziwa.

"Ngojeni," akasema. "Ndani ya eda huyu alipata nafuu, mtaani wakasema jini limemfuata Shaame kaburini. Alipotoka eda, maumivu yakarudi. Kwani Shaame alirudi? Mwanangu, ulipokuwa eda ulijizuia nini?"

"Manukato, hina..." Mize akajishika jicho. "Ee Mola wangu! Wanja!"

Wanja wa jiwe, aliopaka kila siku, na siku za kuumwa akiuzidisha ili asionekane mgonjwa! Ulipopimwa, ulikuwa umejaa risasi. Ukatupwa, dawa zikafanya kazi, na taratibu kichwa kikatulia, vidole vikaamka.

Sasa kofia imekwisha, nyeupe pe, iko mapajani mwake, na wote watatu wako barazani, hata daktari kavuka bahari.

"Mimi ndiye niliyekutoa kitandani," anasema Faki.

Daktari anacheka: "Na bila kupimwa ile damu, si mngekuwa bado mnapunga jini?"

Bi Time anasema kwa sauti ndogo: "Mimi nataka kuitundika kwenye msumari Shaame alipokuwa akitundika kofia yake, watu wajue jina lake limesafika."

Mize anawatazama mmoja mmoja. Sindano ingali mkononi, wala haimponyoki. Atashona nyingine nyingi, Mungu akipenda, lakini ya nadhiri ni hii moja.

Haya, wewe uliyenyamaza hapo: ungekuwa Mize, ungemvika nani?