Kiboko Aliyesahau Kushiba

Nina ngano, nina ngano.

Ilete tuionje.

Niilete kavu au na wimbo wake?

Na wimbo wake.

Basi sogeeni karibu.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisalimiana na watu njiani, paliondokea Kiboko mmoja jike. Aliishi kwenye bwawa dogo pamoja na dada yake. Viboko wote ni wanene, hilo mnalijua. Lakini unene wa huyu ulikuwa umepita kiasi. Akitembea, anahema. Akilala, pumzi zinamkwama. Akipanda ukingo wa bwawa, anapumzika mara tatu.

Hakuwa mvivu, wala hakuwa na roho mbaya. Shida yake ilikuwa moja: hakujua kushiba.

Karibu na bwawa palikuwa na shamba la maboga na mahindi la mzee mmoja aitwaye Komora. Kila jioni Kiboko alivunja ua, akaingia, akala. Akila maboga matatu, tumbo linajaa. Akila sita, tumbo linauma. Lakini kichwani mwake kulikuwa na sauti ikiimba:

*Boga moja, boga tamu,*
*boga moja, halafu basi.*

Akila hilo moja, sauti inaanza upya. Nanyi itikieni: boga moja, halafu basi.

Nyuma yake alikuja Ngedere. Ua ule ulikuwa wa miiba, Ngedere hakuuweza. Alimngoja Kiboko auvunje, kisha naye akajipenyeza kula mahindi, huku akimsifu: "Kula, shoga yangu. Mwili ni heshima."

Mwaka ule mvua hazikunyesha. Bwawa likaanza kukauka. Dada akasema, "Mdogo wangu, tuhame. Twende ziwani."

Njia ya ziwani ilikuwa moja tu, kati ya majabali mawili. Dada akatangulia, akapita, ubavu ukamchubuka kidogo. Kiboko akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akakwama. Hakuenda mbele, hakurudi nyuma. Dada ikambidi amsukume kwa kichwa mpaka akatoka alikoingilia.

Wakalia, mmoja huku na mmoja kule.

"Nitakungoja," dada alisema. "Lakini maji ya bwawa hayatapita miezi miwili."

Kiboko akajikokota mpaka kwa Bibi Chatu, aliyekuwa amejikunja juu ya jiwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, wewe unakula mara moja, unakaa siku ishirini. Mimi tumbo limejaa, na bado nataka. Nina ugonjwa gani?"

Chatu akainua kichwa. "Hiyo si njaa ya tumbo, ni ya kichwa. Mnyama akishiba, tumbo humtuma mjumbe kichwani kusema, 'Inatosha.' Wewe hupumziki kula, basi mjumbe naye hapumziki kusema. Kichwa kimemzoea, hakimsikii tena. Ni kama anayeishi karibu na maporomoko: mgeni husikia mngurumo, mwenyeji hausikii."

"Sasa nifanye nini?"

"Funga. Leo kula nyasi za kawaida, kesho usile, unywe maji tu. Keshokutwa ule tena. Kichwa kikipata kimya, kitasikia. Na usizidishe siku kwa pupa. Pupa ndiyo iliyokuleta hapa."

Kiboko akafunga. Siku ya kwanza sauti iliimba tangu asubuhi. Ngedere akaja, maana Komora alikwishaziba ua, naye hakuwa na pa kuingilia.

"Shoga, umekonda. Watakucheka."

Kiboko akazama majini.

Siku nyingine ya mfungo, Ngedere akaja tena. "Dada yako amepata wenzake huko ziwani. Amekusahau."

Neno hilo lilimchoma. Jioni ile Kiboko alivunja ua, akala maboga saba, na Ngedere akala nyuma yake. Asubuhi akaenda kwa Chatu, hawezi hata kuinua macho.

"Nimeanguka, bibi."

"Umeanguka, hujafa. Kesho ni siku ya kufunga. Funga."

Akafunga. Akala, akafunga. Wiki zikapita. Sauti iliyokuwa ikiimba kutwa, sasa iliimba asubuhi tu. Kisha ikawa inanong'ona. Akapanda ukingo akipumzika mara mbili, kisha mara moja.

Mara ya tatu Ngedere alikuja na kipande cha boga alichookota njiani, akakiweka mbele ya pua ya Kiboko. Kiboko akakinusa. Akangoja wimbo uanze. Haukuanza.

"Chukua boga lako," akasema kwa upole. "Leo silitaki."

Ngedere akakasirika, akasema, "Nitaingia peke yangu." Akajitosa kwenye miiba, akanasa kiunoni. Komora alipomkuta hakumpiga. Alimfunga kamba, akamweka shambani kufukuza ndege mpaka mavuno, bila kuonja hata punje.

Miezi miwili ilipotimia, maji ya bwawa yalifika magotini. Kiboko akaenda kwenye majabali. Dada alikuwa upande wa pili, kama alivyoahidi. Kiboko akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akaingiza tumbo. Jiwe likamkwaruza huku na huku. Akavuta pumzi, akapita.

Walipofika ziwani walikuta nyasi mbichi, hazina mwisho. Wakala pamoja. Katikati ya kula, Kiboko akainua kichwa.

"Mbona umeacha?" dada akauliza. "Nyasi bado nyingi."

"Na kesho zitakuwepo. Nimeshiba."

Dada akaacha kutafuna, akamtazama. Tangu utoto wao hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Wimbo ulimrudia siku mojamoja, nami sitawadanganya kwamba ulikufa kabisa. Ukirudi, Kiboko alifunga siku moja, nao ukatulia.

Ngano hii inatufunza kwamba si kila njaa hutoka tumboni. Basi msimcheke mnene mkamwita mlafi. Hamjui kichwa chake kinamwimbia nini. Na anayefunga kwa kiasi, akianguka akainuka, kichwa chake kitajifunza tena kusikia.

Nimeutua mzigo wangu hapa. Mwenye njia ndefu na auchukue.